Mama Kudra wa Mtaa wa Gofu

Ukitoka mjini kuelekea kusini, ukaipita Kinanira, kuna mahali barabara inageuka kushoto na kuanza kupanda mlima. Hapo utaona nyasi zilizokatwa fupi, zimetandazwa mteremko mzima, na katikati yake vibendera vyekundu. Huo ni uwanja wa gofu. Sisi tunakaa juu yake, nyuma ya ua wa michongoma, na mtaa wetu una jina lake kwenye karatasi za komini, lakini hakuna anayelitumia. Mtu akikuuliza unakaa wapi, unasema "Gofu" tu. Hapo anakutazama upya, akidhani una gari nyumbani. Wengi wetu hatuna.

Mimi nafundisha sekondari, na nimepanga chumba na sebule ukuta kwa ukuta na Mama Kudra. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona, mengine alinisimulia mwenyewe akichagua mchele, na mengine niliyapata kwa jirani yake Nsimire, ambaye hawezi kumaliza habari yoyote bila kucheka katikati.

Kudra alizaliwa Buyenzi, kule chini mjini, katika nyumba ambayo ukikohoa sebuleni, jirani anakuuliza kama umekunywa dawa. Baba yake alikuwa dereva wa lori. Ndugu zake walikuwa wengi, na chakula cha jioni kililiwa barazani, mtu anayepita njiani akikaribishwa na wakati mwingine akikaribia kweli. Aliposhika miaka ishirini na kitu, aliposwa na Huseni, fundi mashine, kijana mpole mwenye vidole vyeusi kwa mafuta. Huseni alikuwa amepata kazi ya kutengeneza mashine za kukatia nyasi pale klabu ya gofu, na pamoja na kazi akapewa nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa moja ya zile ndogo za safu ya chini, karibu na ua. Mtaa wetu ulivyojengwa ulikuwa na ngazi zake. Juu kabisa zilikuwa nyumba kubwa zilizoachwa na Wabelgiji, zenye varanda pana na dari refu, ambazo baada ya uhuru ziliingiwa na wakubwa wa wizara. Katikati walikaa makarani na walimu. Chini, pale mipira ya gofu inapoangukia, walikaa wakata nyasi, wapishi na mafundi.

Bibi harusi alifika na masanduku yake, akafungua dirisha, akasikiliza. Hakusikia kitu. Hapakuwa na redio ya jirani, hapakuwa na mtoto analia, wala adhana haikusikika, isipokuwa siku upepo ukipenda kupanda kutoka mjini. Aliniambia kwamba mwezi wa kwanza alikuwa akipika huku anaongea peke yake ili nyumba isimzidi nguvu.

"Watu wa huku walikuwa kama makaburini," alisema. "Kila mutu na ukuta yake, na maua juu yake."

Kilichomsaidia ni Huseni. Huyo mwanaume hakuwa msemaji mbele za watu, lakini akirudi jioni, akishanawa na kuswali, alimhadithia mkewe uwanja mzima. Leo mashine kubwa imekwama kwenye bonde la shimo la sita. Leo tumekuta nyoka kwenye mchanga wa shimo la pili, na balozi amepanda juu ya mti. Kule kwenye shimo la tisa ardhi ina kiburi, unaikata leo, kesho imeota upya. Kudra alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali, ingawa nchi hiyo ilianzia hatua chache kutoka jikoni kwake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia. Wafanyakazi waliingia kwa kazi, wachezaji kwa kucheza, na wake za wafanyakazi walibaki upande wa pili wa ua. Hapakuwa na kibao kilichoandika hivyo. Kila mtu alijua tu.

Hawakujaliwa watoto. Kudra halifichi jambo hilo wala halizungumzii sana. Watu walianza kumwita Mama Kudra kwa heshima, na jina likakaa.

Vita vilipofika, wachezaji walitoweka. Nyasi zikarefuka mpaka kiunoni, na ng'ombe wa watu wakaanza kulisha pale palipokuwa na vibendera. Familia zilizokimbia milima ya juu zikajaa kwenye jengo la klabu na chini ya miti yake. Huseni aliendelea kwenda kila asubuhi kuzipaka mashine mafuta zisishike kutu, ijapokuwa petroli ya kuzitembeza haikuwepo. Kudra akatoa sufuria kubwa aliyopewa na mama yake siku ya ndoa, akawa anapika uji nyuma ya nyumba, na watoto wanaupitia kwenye pengo la ua. Wale wa nyumba za juu walioanza kwa kumtazama tu kutoka varandani, baadaye walileta unga, halafu sukari, halafu wakaja wenyewe kukoroga. Mtaa ulijuana kwenye ule uji. Mke wa mkurugenzi na mke wa mkata nyasi walijikuta wanapeana mwiko.

Katika miaka hiyo ndipo alipofika Nsimire. Alivuka mpaka kutoka Uvira, upande wa Kongo, na binti mchanga mgongoni, Huguette, akitafuta mahali pa kulala kwa wiki moja. Kudra alimpa chumba cha uani. Nsimire ni Mkristo wa kanisa la uimbaji mwingi, na asubuhi ya kwanza aliamka akiimba kwa sauti ya juu wakati Huseni bado yuko kwenye mswala.

"Nikamuambia, mama Huguette, imba, lakini ungojee tumalize," Kudra alinisimulia.

"Na mi nikangojea," akamalizia Nsimire, ambaye humwita Kudra yaya, yaani dada mkubwa. "Mpaka leo nangojea. Yaya Kudra iko na dua mirefu."

Ile wiki moja ikawa miaka. Nsimire akaanza kuuza vitenge vya Kongo, anakwenda na kurudi, na kila anapokwenda Huguette anabaki kwa Kudra. Mtoto alijifunza Baba Yetu kwa mama yake, na kwa Kudra akajifunza kusema Bismillahi kabla ya kushika kijiko. Hakuna aliyeona tatizo. Huyo mtoto alimwita Kudra Mama Mukubwa, na alikuwa na sahani yake ya bluu ambayo hata mgeni hakuruhusiwa kuigusa.

Amani iliporudi, wachezaji walirudi pia. Mtaa ukabadilika sura. Nyumba za wafanyakazi ziliuzwa kwa waliokuwa wanakaa ndani, na Huseni akawa mwenye nyumba. Pembeni yakainuka maghorofa ya vioo ya watu waliotoka Ulaya na Kanada. Klabu ikapata mwenyekiti mpya, mzee Jovithe, aliyestaafu wizarani, mrefu, mwenye kofia nyeupe na sauti ya mtu aliyezoea kufungua mikutano. Sote tulimwita Prezida.

Ugomvi wa Prezida na Mama Kudra ulijulikana mtaa mzima. Mzee Jovithe alikuwa na ugonjwa wa kupiga mpira ukapinda kulia, na kulia ndiko kulikokuwa na jiko la Kudra. Mpira mmoja ulitoboa bati. Mwingine ulitua kwenye sufuria ya maharage yanayochemka, ukamrushia mchuzi mpaka kwenye kanga. Tangu siku hiyo kila mpira ulioanguka kwake aliuweka kwenye beseni chini ya kitanda.

"Mama Kudra, mupira yangu iko hapo?" mzee angeuliza juu ya ua, akiwa amevua kofia.

"Iko, Prezida. Ingia kwa mulango kama watu, ukunywe chai, nitakupatia."

"Watu wananingojea."

"Basi na mupira itangojea."

Hakuwahi kuingia. Alikuwa na mipira mingine mfukoni.

Huseni alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alizikwa siku ileile alasiri, na klabu ikafunga uwanja mpaka jioni. Arobaini ilipokwisha, Tajudini, kaka yake Kudra, alikuja na pikapu kumrudisha Buyenzi. Lilikuwa jambo lililokwisha kuzungumzwa. Mjane hawezi kukaa peke yake mlimani, tena mbali na msikiti, na Kudra mwenyewe alikuwa amekubali. Vyombo vilifungwa kwenye mashuka.

Lakini wiki hiyo Nsimire alikuwa amekwenda Uvira, na mpaka wa Kongo ukafungwa, na Huguette alikuwa palepale, msichana wa shule, amekaa kwenye kizingiti na begi lake mapajani.

"Tumupeleke na yeye," Tajudini alisema.

"Na masomo? Iko na mitihani."

"Basi akae kwa jirani."

Kudra alimtazama msichana, akatazama pikapu. "Jirani ni mi," alisema. "Kaka, nenda. Mama yake akirudi, nitakuita."

Tajudini alikuwa ameazima gari, na hakutaka kurudi mikono mitupu kama mtu aliyefukuzwa. Akapakia kabati la nguo, kabati zito la mbao alilolitengeneza Huseni kwa mkono wake, akasema walau hili litangulie. Nsimire alirudi baada ya siku chache. Kudra hakumpigia kaka yake simu. Kila Idi huenda Buyenzi, anakula pilau kwa wifi yake, analipapasa kabati lake mlangoni, kisha anapanda mlima. Kabati bado liko huko.

Huguette alikua, akasomea uuguzi, akapata kazi, na akapata mchumba. Trésor, kijana wa Gasenyi, mtaa wa kaskazini mwa mji, alikuwa mchomeleaji wa vyuma, wazazi wake ni wa Bukavu. Mahari ilitolewa, tarehe ikawekwa: Jumamosi moja ya mwezi wa nne. Misa ingekuwa kanisani mjini, na karamu kwenye ukumbi wa Rohero. Pilau, kila mtu alijua ingepikwa na nani. Kudra alimwita binamu yake mchinjaji kutoka Buyenzi ili nyama iwe halali kwa wote. Majirani wa juu walileta masufuria, wa katikati wakaleta kuni.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua ilinyesha kana kwamba mlima mzima umefunguliwa bomba. Asubuhi tulisikia kelele, tukatoka. Mtaa wetu una njia moja ya gari, na njia hiyo huvuka korongo kwa daraja dogo. Korongo lilikuwa limepanuka mara mbili, na daraja halikuwepo. Vipande vya zege vilionekana chini, kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Upande wa juu, njia ya miguu ya kuzunguka ilikuwa imefunikwa na matope yaliyoporomoka. Njia iliyobaki ilikuwa uwanja wa gofu tu, na mwisho wa uwanja, barabara ya lami.

Nsimire aliketi chini kwenye tope lenyewe, na kitenge chake kizuri.

"Arusi imekufa," alisema. "Bibi harusi iko huku, nyama iko huku, bwana harusi iko mujini. Imekufa, yaya."

"Inuka kwanza," Kudra alimwambia. "Unachafua kitenge."

Alikwenda nyumbani, akavaa buibui, akazunguka kupitia pengo la ua mpaka kwenye banda la walinzi la klabu, akamtuma mmoja amwite mwenyekiti. Nilimsindikiza, kwa hiyo haya niliyaona. Mzee Jovithe alikuja na uso wa usingizi. Kesho yake ilikuwa siku ya mashindano makubwa ya mwaka, wageni walikuwa wamefika kutoka Kigali na Lubumbashi, na mvua ilikuwa imeacha mabwawa kwenye mashimo mawili.

"Prezida," Kudra alisema, "mutoto anaolewa kesho. Daraja imeenda. Tunaomba kupita."

Mzee alitazama uwanja. "Watu wangapi?"

"Watu wa arusi."

"Mama Kudra, nyasi zimelowa. Watu wa arusi na viatu vya arusi, wataacha mashimo mengi kuliko yale tuliyochimba. Na watu watakuwa wanapiga mipira. Mupira ukimugonga mutu kichwani, nani atajibu?"

"Mipira yako imeshanigonga sana, na sijawahi kukushitaki."

Mlinzi aligeuka kando kuficha kicheko. Mzee hakucheka. Alisema si lake peke yake, ni la komite, atawauliza, atatoa jibu jioni. Kudra alimshukuru, tukarudi.

Jioni ilifika bila jibu. Umeme ulikuwa umekatika na simu nyingi zilikuwa zimezima. Huguette alikuwa chumbani na wasusi, akijaribu kutolia kwa sababu ya vipodozi. Alimwambia Kudra kwamba wangeweza kuahirisha, Trésor ataelewa.

"Trésor ataelewa," Kudra alijibu. "Nyama haitaelewa."

Alipika. Alfajiri moto ulikuwa umeshawaka, na ilipofika saa mbili asubuhi masufuria matatu makubwa yalikuwa yamefunikwa kwa vitambaa, na mtaa mzima ulinukia bizari na vitunguu vya kukaanga. Kwaya ya Nsimire ilikuwa imevaa sare ya kitenge cha njano. Kulikuwa na mashangazi wa Uvira, majirani wa maghorofa waliovaa suti, wanafunzi wangu wawili watatu, na katikati yao Huguette, kwenye gauni jeupe lililokunjwa juu mpaka magotini na kufungwa kwa pini. Tulisimama kwenye pengo la ua. Nadhani wote tulikuwa tunamtazama Kudra.

Mzee Jovithe alikuwa upande wa pili, peke yake, kwenye viatu vyake vya gofu vyenye meno, ameshika taulo jeupe. Kumbe alikuwa amesimama pale kwa muda akitusubiri.

"Komite imegawanyika," alisema. "Wengine wamesema apana. Mi ndiye prezida." Alikohoa kidogo. "Lakini viatu, mama. Tafadhali. Wote muvue."

Tukavua. Suti na mikanda ya ngozi na miguu mitupu. Shangazi mmoja tu alikataa, akisema hakuvuka mto Ruzizi kuja kutembea peku kwenye arusi ya mtoto wa ndugu yake, na alama za visigino vyake zilikaa kwenye shimo la tano kwa wiki nyingi. Wachezaji wanasema mipira ilikuwa inapinda ikifika pale.

Mzee alitangulia, ameinua taulo juu kama mtu wa reli. Mbele yetu kundi la kwanza la wachezaji liliona taulo, halafu likaona bibi harusi, likasimama. Kundi la pili halikuona kitu. Mpira ulikuja ukilia hewani, ukaanguka mbele ya wabeba masufuria, ukadunda, ukalala. Masufuria yaliyumba.

"Huyo anapiga vizuri kuliko Prezida," Kudra alisema, na sasa hata mzee alicheka.

Sufuria za harusi ni nzito, na mteremko ulikuwa unateleza. Wale vijana wanaobeba mifuko ya fimbo za wachezaji, wengi wao watoto wa mtaa wetu, walitazamana. Kisha mmoja akaweka mfuko chini, akaja kushika mkono wa sufuria, na wenzake wakamfuata bila kuomba ruhusa. Siku hiyo watu waliwaona wageni wa Kigali na wakurugenzi wa benki wakibeba mifuko yao wenyewe uwanja mzima, mmoja wao akiwa amevua kofia mpaka arusi ilipopita.

Tulipofika katikati, Kudra alipunguza mwendo. Nilidhani amechoka, nikampa mkono. Hakuushika. Alikuwa anatazama bonde dogo kushoto kwetu, lenye maji ya mvua chini yake.

"Hii njo ya sita," alisema. "Hapa mashine ilikwama."

Akageuka upande mwingine. "Na ule muti, balozi alipanda ule." Alitazama juu ya mti, mti mwembamba usio na tawi la maana, akajaribu kumwona balozi pale juu, na akaanza kucheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa ameishi kando ya uwanja ule zaidi ya miaka arobaini, na hakuwahi kukanyaga hata unyasi wake mmoja zaidi ya pale kwenye banda la walinzi. Aliujua wote. Aliendelea kutuonyesha: mahali pa nyoka, mahali pa ardhi yenye kiburi, kivuli ambapo Huseni alikula chakula chake cha mchana na kufunga kopo kwa kitambaa alichokishona Kudra mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemtembeza mgeni nyumbani kwake. Mbele yetu lilionekana ziwa lote, na ng'ambo yake milima ya Kongo, imeoshwa na mvua. Nsimire aliiona, akaanza wimbo. Kwaya ikadakia. Huguette alilia, vipodozi vikaenda, na hakuna aliyemkataza.

Barabarani magari yalikuwa yanangoja. Trésor alikuwa amesimama juu ya boneti ili aone mbali, na aliposhuka alisahau mstari wa kumpokea mke aliokuwa ameukariri. Misa ilichelewa. Padri alisema amewahi kuwasubiri maarusi kwa sababu za hovyo zaidi. Pilau ilifika ukumbini bado ya moto, na Tajudini, aliyekuja na ndugu wa Buyenzi, alikula akasema dada yake hajapoteza mkono.

Jioni mzee Jovithe aliingia ukumbini amefunga tai. Alisimama mlangoni kama asiyejua pa kukaa. Kudra alimvutia kiti karibu yake, akampakulia. Mzee alikula, akaongezewa, akala tena.

"Miaka yote hii," alisema mwishowe, "ulikuwa unapika hivi, pale nyuma ya ua?"

"Nilikuwa nakuita uingie, Prezida."

Daraja halikujengwa haraka. Miezi ilipita, na mtaa haukuwa na njia nyingine, basi watu wakaendelea kupita uwanjani: wanafunzi, wauguzi, wauza maziwa, mimi na madaftari yangu. Komite iligombana. Wanachama wawili walihama klabu kwa hasira, na mmoja akarudi. Mwishowe wakakubaliana njia ipite pembeni, kando ya ua, kuanzia kunapopambazuka mpaka magharibi, na kila mtu asimame anaposikia mtu anapiga. Daraja jipya sasa lipo. Njia ya pembeni ipo pia, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifunga.

Huguette anakaa Gasenyi, amezaa mtoto wa kiume, na Nsimire amehamia huko kumlea. Siku aliyoondoka Nsimire, Kudra alimfungia vyombo, akamkaripia kwa kusahau ufagio, akamsindikiza mpaka barabarani, na aliporudi alifunga mlango ikiwa bado mchana. Nilimwacha. Kesho yake nilimsikia anaongea jikoni peke yake. Tajudini alipiga simu, akasema kile chumba cha nyuma Buyenzi kimepakwa rangi. Kudra alimshukuru, akamwambia atafikiria, na akafikiria kweli kwa juma zima, maana aliniuliza kama nadhani mtu anaweza kuzoea tena kelele. Nilimwambia sijui. Baadaye aliniambia amekataa. Alisema asubuhi ile alikuwa amepita uwanjani kwenda kununua samaki, na watu wakamsalimu tangu ua mpaka lami, na huko Buyenzi wengi waliomjua wamekwisha kufa au kuhama.

Kile chumba cha uani hakikukaa wazi. Nsimire ndiye aliyemtafutia mpangaji, kwa simu, kutoka Gasenyi. Na katika nyumba kubwa ya juu, mwezi uliopita, amehamia mama mmoja kijana aitwaye Christa, aliyekulia Ubelgiji, ambaye Kirundi chake kinasitasita na Kiswahili chake ni cha maneno machache. Siku ya tatu alishuka mpaka kwa Kudra kuuliza maziwa yanauzwa wapi.

Kudra hakumwelekeza. Alivaa viatu, akamchukua. Alimwonyesha mbwa anayeng'ata na mbwa anayebweka bure, fundi wa bomba anayekuja kweli akiahidi, nyumba ya mama aliyefiwa juzi ambaye lazima akasalimiwe, na duka ambalo maziwa yake yametiwa maji. Niliwakuta kwenye njia ya pembeni nikitoka kazini. Christa alikuwa anauliza kwa Kifaransa, nami nikamtafsiria, kama mama huyu amekaa hapa siku zote.

"Mwambie asimame kwanza," Kudra alisema, amemshika mkono. "Prezida anataka kupiga, na yule, hakuna anayejua mupira wake utaenda wapi."

Tukasimama wote watatu kando ya ua, tukangoja. Mpira ukapinda kulia.